Konokono wa Mfongo Wetu

Mpanda, 9 Februari 2025

Mwanangu Loveness,

Bwana Yesu asifiwe. Ukiifungua bahasha hii ujue tumeamka salama, mimi, binti yangu Ruth na kichanga wake, ambaye analia kama mtu aliyeahidiwa kitu akanyimwa. Wamempa jina la marehemu mume wangu, Sifael, nami nimefurahi hadi nimeona aibu. Ruth anakunywa mtori na nguvu zinamrudia, ingawa ndizi za huku si ndizi, ni ubishi. Joto sitalisema.

Usinicheke kwa kuandika. Simu yangu ya kitochi ni ya "mmeamkaje" na "haya, asante". Neno lenye uzito naliweka kwenye karatasi na kumpa kondakta wa basi, nawe utanijibu hivyo hivyo.

Sasa konokono. Unayajua haya lakini nitayarudia, maana ndiyo kazi ya shangazi. Mfongo wa ukoo wetu, ule mtaro wa maji pale Mwika, ulipoachwa, watu walipopata mabomba wakaona kuchimba mtaro ni kazi ya wajinga, niliteremka na kopo la siagi nikawatoa konokono kwenye dimbwi la mwisho. Marehemu alinikatia vioo akaniundia tangi. Watu wa Rau walisema mke wa Sifael amerogwa, anafuga wadudu sebuleni. Wengi wao wameshakufa na konokono wangu wapo. Miaka kumi na zaidi wanaendelea, mtoto akichukua nafasi ya mama yake. Kule juu hakuna hata mmoja, baba yako ametafuta mfongo mzima. Mwezi wa sita, akishamaliza kuuchimba upya na ukoo, nitarudi niwaweke majini kwa mkono wangu. Hilo tu ndilo ninalolingojea mwaka huu, na Ruth asisikie.

Kwa hiyo nisikilize. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo kwanza, dawa iliyomo iishe nguvu. Maganda ya mayai yachemshe, yasage, nyunyiza kidogo, la sivyo magamba yao yatakuwa laini kama karatasi iliyoloa. Mchicha uwe umechemshwa bila chumvi. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ikanyamaza, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu mpaka uchoke. Kioo kikiota ukijani usikiguse, kile ndicho chakula chao. Na mkono wenye sabuni usiingie humo.

Nimekulea tangu ulipoanza kidato cha kwanza na ufunguo wa nyumba yangu sijampa mtu mwingine. Niandikie walivyo.

Shangazi yako,
Ndelilio


Rau, 2 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mjukuu ameacha kulia. Sisi huku tuko poa, mvua bado, vumbi limejaa hadi kwenye vikombe. Mama anakusalimia sana. Baba hashikiki, asubuhi yuko mfongoni na jembe, jioni yuko mfongoni na maneno. Mwanaume wa ukoo asiyekwenda kuchimba anatozwa pombe ya mbege, na baba mdogo mmoja ameshatozwa mara mbili, anasema mgongo.

Habari kubwa ni kwamba wazazi wa Jesse walikuja kunitembelea hapa Rau! Walikaa sebuleni kwako, tukawapikia kiburu na nyama. Mama yake Jesse alisema nyumba ni safi na inaonekana binti amelelewa. Nilitamani ungekuwepo usikie. Sherehe ya kuniaga wanasema iwe Agosti, kanisani baadaye. Gauni nimeshaona moja pale mjini karibu na Mawenzi, lakini nakungoja wewe ulione kwanza, maana macho yako hayana huruma.

Konokono wanaendelea vizuri, usiwe na presha.

Mwanao,
Loveness


Mpanda, 30 Machi 2025

Loveness mwanangu,

Hatujambo wote. Sifael mdogo amepata mafua yakapita, na mkwe wangu amepewa zamu za usiku, hivyo nyumba inalala mchana na mimi natembea kwa ncha za vidole kama mwizi. Hongera kwa wageni wako. Mwambie Jesse kwamba shangazi hapokei salamu kupitia mtu, aandike mwenyewe kama ana mkono.

Umenijazia kurasa mbili za kiburu na gauni, nimezisoma kwa raha. Halafu konokono wangu ukawapa mstari mmoja. Mwanangu, mimi nimekuuliza walivyo, wewe umenijibu kama mtu anayemjibu mwalimu wa zamu. Hebu kaa chini. Mchana bado wanajifukia mchangani na kutoka jioni? Magamba yana ncha kali au zimemomonyoka? Wadogo wapo, wale wa ukubwa wa punje ya ulezi? Maji yananuka? Konokono akifa hunuka kuliko ukubwa wake, na akiachwa humo anawaua wenzake.

Nilikupigia Jumanne na Alhamisi, hukupokea. Ruth anasema vijana wa siku hizi hawapokei simu, wanaziangalia tu. Haya.

Shangazi Ndelilio


Rau, 4 Mei 2025

Shikamoo Shangazi,

Samahani sana kwa kuchelewa. Mvua ilikuja yote kwa siku moja, barabara ya kwetu imekuwa mto, na kazini walituweka hadi jioni. Simu yangu nayo ilikuwa na matatizo ya chaji. Mjukuu mbusu.

Wewe unataka konokono, haya, nakupa konokono! Wako wengi kuliko ulivyowaacha. Mchana kutwa wanapanda kioo, huna haja ya kuwangojea jioni, ni wazuri wa mviringo, wamenona. Na Shangazi, wametaga! Kwenye kioo kuna mayai, kama ute wa mlenda wenye vitone ndani, karibu kila upande. Nilipoyaona nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Maganda ya mayai nasaga, maji nalaza, kila kitu kama ulivyosema. Tafadhali usiwe na wasiwasi tena, nimewajulia.

Habari nyingine ni ya Baba. Mfongo umekamilika mapema, na mchungaji ana nafasi tarehe 24 mwezi huu tu, baada ya hapo yuko safarini. Baba anasema ukoo hauwezi kungoja, na wewe una mtoto mchanga wa kulea. Nitawapeleka mimi konokono. Nimeshatafuta ndoo yenye mfuniko. Najua ulitaka uwe wewe, lakini si ni mkono ule ule, Shangazi? Wewe umenifundisha.

Mwanao akupendaye,
Loveness


Mpanda, 16 Mei 2025

Loveness,

Bwana asifiwe. Hatujambo.

Barua yako imefika jana. Niliisoma nikiwa nimempakata mtoto, nikampa Ruth amshike, nikaisoma tena.

Konokono wangu hawatagi. Wanazaa. Mtoto anatoka mwilini mwa mama akiwa na gamba lake tayari na kwenda zake mchangani. Ni warefu, wa ncha, kama parafujo. Mviringo wapi? Umeishi katika nyumba ile miaka yote hiyo, umekula ugali ukiwa umelitazama lile tangi, hukuona yai kwenye kioo hata siku moja. Ungekuwa umewahi kuwaangalia, ungejua uongo wa kuniandikia.

Kwa hiyo nakuuliza, na si mtego: wangu wako wapi?

Hao wa ndoo usiwapeleke Mwika. Baba yako nimempigia, unamjua kwenye simu, "haloo, haloo, nasikia, ndiyo tunakusalimu" halafu anakata. Sijarudia kumpigia, kwa sababu nataka usikie kwangu kabla hajasikia yeye. Hilo nimekufanyia kwa kuwa nakupenda. Simu yako hupokei, basi pokea barua. Nimemwambia kondakta ni ya haraka.

Ndelilio


Rau, 25 Mei 2025

Shikamoo Shangazi,

Sijapata barua yako tangu ile ya Machi, wanasema mabasi ya huko yamekwama matopeni. Nakuandikia tu ili ujue jana ilivyokuwa.

Watu walijaa kutoka juu hadi barabarani. Mchungaji aliomba, Baba akainua ubao wa mlango wa maji, na maji yakaja kwanza machafu, na majani na kandambili ya mtu, halafu yakawa safi. Watoto waliingia wote na nguo. Kina mama walipiga vigelegele. Halafu Baba akasema, "Sasa wenyeji warudi nyumbani," akaniita mbele. Nikamimina ndoo. Baba alilia, Shangazi. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa Babu. Akasema kwa sauti kila mtu asikie kwamba dada yake Ndelilio amelinda kitu ambacho wanaume wa ukoo walikitupa.

Nilitaka ujue alisema hivyo.

Loveness


Rau, 3 Juni 2025

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ya tarehe 16 nimeipata leo. Ilikuwa ofisi ya basi, chini ya mizigo, imeloa.

Walikufa. Ilikuwa Februari, wiki ile wazazi wa Jesse walipokuwa wanakuja. Kioo kilikuwa kijani kabisa, hata taa ya ndani haionekani, na tangi liko pale pale mgeni anapokaa. Nilisugua, ukijani ukarudi. Nikakumbuka Baba anavyoondoa ugonjwa kwenye majani ya kahawa. Nilipokwenda Mwika nilichukua stoo mrututu kidogo, ile dawa yake ya kupulizia, ncha ya kijiko tu, Shangazi, nikautia majini. Kahawa inapona kwa mrututu. Sikudhani. Asubuhi kioo kilikuwa safi na maji yana rangi ya buluu kidogo, nao wote wako chini, wametoka nusu kwenye magamba. Nilibadilisha maji mara tatu. Hakuamka hata mmoja.

Nilishindwa kukuambia. Kila nikishika simu nasikia unavyosema "mkono wenye sabuni usiingie". Nikatafuta wengine. Nilidhani konokono ni konokono.

Nisamehe. Tafadhali usimwambie Baba.

Loveness


Mpanda, 10 Juni 2025

Loveness,

Nimesoma. Nimelia mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo sikuwahi kulitaka.

Nikuambie kinachouma, maana naona hukijui. Wangekufa tu, ningelia nikanyamaza. Mrututu ni ujinga na ujinga hausomewi kesi, hata mimi niliua wengi kabla ya kujua kulaza maji. Lakini wewe uliwazika Februari, halafu Machi ukaniandikia "wanaendelea vizuri". Ukakaa na wageni wa watu mbele ya tangi la maiti wangu, ukasifiwa kwamba umelelewa. Aliyekulea ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nami nilikuwa nasema kwa ajili ya majirani wa Rau, kumbe nguo ni hii niliyokushonea.

Na kaka yangu amelia machozi ya kweli juu ya ndoo ya uongo. Hilo sijui utalirudishaje.

Sasa nijibu jambo moja, uache mengine yote. Hao wa mviringo uliwatoa wapi? Usiniambie "wengine". Niambie mahali. Nakuuliza kwa sababu kuna konokono wanaobeba kichocho, wako kwenye maji ya taratibu huko chini, na tulifundishwa hivyo darasa la nne, wewe na mimi, kwa vitabu tofauti. Watoto wa ukoo mzima wanaogelea mle. Nimempigia baba yako leo kupitia simu ya jirani yake Elisifa, ambaye ana masikio, nikasema watoto wasiingie mfongoni na maji yachemshwe mpaka nitakapoeleza. Akauliza kwa nini. Nikasema, muulize Loveness.

Amekuuliza?

Ndelilio


Rau, 22 Juni 2025

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Utakuta ndani nimeweka jani la isale. Nililikata mwenyewe kihambani kwetu, pale kwenye mpaka, asubuhi kabla watu hawajaamka, na nikalifunga fundo kama inavyotakiwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akikosa akaleta isale, hata kama amemwaga damu, hakataliwi. Nakuletea. Sina kitu kingine cha kukuletea.

Niliwatoa kwenye majaruba ya mpunga, kule chini. Kuna mama anavuna mchicha pembeni, aliniokotea ndoo nzima akicheka. Hakujua, na mimi sikujua. Nilikumbuka kichocho siku ya mayai, nikasema labda si hao. Halafu tarehe ikapangwa, na Baba akawa ameshatangaza kanisani. Shangazi, nilisimama pale na ndoo nikasubiri mtu aniulize kitu chochote. Hakuna aliyeuliza.

Baba aliniuliza baada ya simu yako. Nilimwambia huenda una wasiwasi wa uzee. Ameamini. Watoto wamerudi majini.

Nakuomba kitu kimoja. Kule juu maji ni baridi na yanakwenda kasi, nimesoma kwamba hawa hawapendi maji ya kasi. Huenda wameshakufa wote. Kama wamekufa, kuna haja gani ya watu kujua? Sherehe ni Agosti 16, kadi zimeshatoka. Watu wa Jesse wakisikia kwamba binti ametia ugonjwa kwenye maji ya ukoo wake, hawatarudi. Unalijua hilo kuliko mimi. Yabaki mimi na wewe. Isale lipo hapo, Shangazi. Halikataliwi.

Mwanao,
Loveness


Mpanda, 29 Juni 2025

Loveness,

Bwana asifiwe. Ruth hajambo, mtoto ameanza kucheka.

Isale nimelipokea. Lilifika limenyauka lakini fundo lilikuwa zima. Nililiweka mezani, nikakaa nalo, Ruth akaniuliza mama ni nini, nikasema ni la Loveness. Umesema kweli, halikataliwi, na mimi sitakuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kulikataa. Nimekusamehe konokono wangu. Nimekusamehe barua zako, zote. Nimekusamehe hata hilo la uzee, ingawa hilo lilinichukua siku mbili. Sitalitaja tena, wala kwenye sherehe yako wala kwenye msiba wangu.

Lakini isale umeniletea mimi, na msamaha nilionao ni wangu. Maji si yangu. Watoto waliorudi majini kwa neno lako si wangu. Hao hukuwapelekea jani, uliwapelekea ndoo.

Kwa hiyo kabla sijamaliza ukurasa wako wa pili nilimpigia Elisifa, nikamwambia aende kwa baba yako kwa miguu, asipige simu. Nilimweleza yote. Baba yako ameteremsha ubao wa mlango wa maji jioni ile ile. Elisifa anasema hakufoka. Alikaa juu ya ukingo wa mfongo akauliza mara mbili, "Loveness?", kama mtu aliyeambiwa jina asilolijua. Watoto wote wanapelekwa kupimwa wiki hii, na dawa ipo, kichocho kinatibika kikiwahiwa, hilo usiogope. Mfongo utaachwa mkavu, na Jumamosi ukoo wote unashuka kuuparura, kutoka juu hadi mwisho, kuwaokota hao wa mviringo mmoja mmoja. Kina mama wameambiwa waje na viatu vya mpira. Baba yako amesema atakayeulizwa ni wewe, na atauliza mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo ulipomimina.

Umeniambia huenda wamekufa kule juu. Miaka yote hii niliamka asubuhi nikiomba konokono waishi. Juzi nilipiga magoti nikaomba wafe, nikakosa maneno, maana sijazoea.

Jesse mwambie wewe, leo, kabla ya Jumamosi. Akibaki, utakuwa umepata mtu. Asipobaki, sitakucheka.

Nafika Ijumaa kwa basi la mchana. Ufunguo wa nyumba mpe Elisifa, atashuka Rau asubuhi hiyo kuuchukua. Usije kunipokea stendi.

Shangazi yako bado,
Ndelilio